Wayahudi wa vijijini Ujerumani: walifikaje huko, waliondokaje, na urithi wao leo ni wa nani

Kuna kijiji kinaitwa Rexingen, kusini magharibi mwa Ujerumani, siku hizi kimeunganishwa na mji wa Horb ulio kando ya mto Neckar. Ni kijiji cha Wakatoliki toka enzi na enzi, lakini katikati ya karne ya 19 kilikuwa na Wayahudi zaidi ya 400, yaani karibu theluthi ya kijiji kizima. Jengo walilojijengea mwaka 1837 kama sinagogi bado limesimama, ila tangu 1952 Waprotestanti ndo wanasali humo. Msituni, pembeni ya kijiji, kuna makaburi ya Kiyahudi zaidi ya elfu moja. Wayahudi wenyewe hawapo. Kuna ambao wajukuu zao wako pwani ya Israel, kaskazini ya mji wa Akko, kwenye kijiji kingine kabisa, na wengine waliuawa huko mashariki mwa Ulaya kuanzia 1941 na miaka iliyofuata.

Sasa mtu akisikia hivi swali la kwanza ni hilo hilo, Wayahudi walikuwa wanatafuta nini kwenye kijiji cha wakulima? Sisi tumezoea kusikia Berlin, Frankfurt, mabenki, maprofesa, madaktari. Lakini kusini mwa Ujerumani ukichukua ramani ya zamani ya Swabia, Baden, Franconia na Hesse utakuta vijiji kwa mamia vyenye sinagogi, shule ya Kiyahudi, bafu la kujitakasa na makaburi, na hao waliokuwa wanaishi humo hawakuwa mabenki hata kidogo, walikuwa wauza ng'ombe, wachinjaji, machinga wa vitambaa na sindano, mafundi, wengi wao maskini tu. Na hata wale wakubwa tunaowajua ukifuatilia vizuri wametokea huko huko. Ukoo wa mama yake Albert Einstein unaenda hadi kijiji cha Jebenhausen, na baba yake alizaliwa Buchau, mji mdogo tu wa Swabia.

Jibu fupi ni kwamba hawakuchagua kijiji, walisukumwa. Jibu refu ndo lenye mambo.

Mwishoni mwa zama za kati miji ya Ujerumani ilianza kuwafukuza Wayahudi mmoja baada ya mwingine. Augsburg miaka ya 1438 hadi 1440, Nürnberg 1498 na 1499, Ulm 1499, Regensburg 1519. Huko Württemberg mtawala Eberhard, yule yule aliyeanzisha chuo kikuu cha Tübingen mwaka 1477, aliandika kwenye wosia wake wa 1492 kwamba Wayahudi wasikae kwenye nchi yake, na mwaka 1498 ikawa sheria kabisa, na sheria hiyo ilidumu karibu miaka mia tatu. Sababu zilikuwa mchanganyiko, chuki ya kidini, uzushi wa kila aina, na pia madeni, manake ukimfukuza anayekudai umemaliza deni. Watu hao walitakiwa waende wapi? Wengi walienda Poland. Wengine hawakwenda mbali.

Na hapa ndo inabidi uielewe Ujerumani ya wakati ule, manake haikuwa nchi moja. Ilikuwa vipande vipande kwa mamia, huyu mtawala mkubwa, yule askofu, huyu abati wa monasteri, pale mji unaojitawala, na katikati yao makabaila wadogo wenye kijiji kimoja au viwili ambao walikuwa wanawajibika kwa Kaisari moja kwa moja. Kabaila mwenye kijiji kimoja ana shida kubwa ya hela. Hawezi kupandisha kodi ya wakulima kila mwaka, watakimbia au watagoma. Ila akikaribisha familia kumi za Kiyahudi zilizofukuzwa mjini anaweza kuwaandikia barua ya ulinzi, na kila mwaka wakamlipa kwa ajili ya hiyo barua. Rexingen ilikuwa chini ya Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, watawa wapiganaji wale wale wa Malta, na ni chini yao Wayahudi walianza kukaa hapo katikati ya karne ya 17, baada ya vita vya miaka 30 vilivyokuwa vimeacha nyumba tupu na mashamba yasiyolimwa. Jebenhausen walifika 1777 kwa barua ya makabaila wa ukoo wa Liebenstein. Kila kijiji kina tarehe yake na kabaila wake, ndo maana kijiji hiki kina Wayahudi na cha jirani, dakika ishirini kwa miguu, hakina hata mmoja. Ukiona ramani unaweza kudhani wametawanyika hovyo, kumbe inafuata mipaka ya mabwana waliokuwa na njaa ya fedha.

Barua yenyewe ilikuwa na masharti mengi. Ilitaja idadi ya familia, ilikuwa ya muda, na karibu kila jambo lilikuwa na ada yake, kuoa, kuzika, kuleta mgeni. Kumiliki shamba kwa kawaida hairuhusiwi. Kujiunga na vyama vya mafundi hairuhusiwi, kwa hiyo kazi za ufundi nyingi zimefungwa. Na kulikuwa na kitu kinaitwa ushuru wa mwili, yaani Myahudi akivuka mpaka wa eneo fulani analipiwa ushuru kama vile mnyama au mzigo, sasa fikiria mchuuzi anayezunguka kwenye nchi iliyokatwakatwa namna ile, kwa siku moja anaweza kuvuka mipaka mitatu. Huo ushuru uliendelea hadi karibu na mwanzo wa karne ya 19.

Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba "Wayahudi walipenda biashara" jua umesoma maneno ya mtu ambaye hakutaka kusoma hizo barua. Walifungiwa ardhi, wakafungiwa ufundi, kilichobaki ni kununua na kuuza.

Biashara iliyoshika mizizi kuliko zote ni ng'ombe. Mkulima wa Swabia alikuwa na vishamba vidogo vidogo, hana hela taslimu mpaka avune, na ng'ombe kwake ni maziwa, ni mbolea, na ndo anavuta jembe na mkokoteni. Akifa ng'ombe mmoja mkulima ameishiwa. Mfanyabiashara wa Kiyahudi anakuja na mnyama, anamwachia bila malipo ya papo hapo, mkulima anamlisha na kuchukua maziwa na kazi yake, afu baadaye ndama au faida vinagawanywa kwa makubaliano. Ni kitu cha jamii moja na ile miradi yetu ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe, tofauti ni kwamba hapa hakuna shirika, ni watu wawili wanajuana, baba zao walijuana, na mkataba ni kupigana viganja mbele ya zizi. Ndani ya mfumo huo kulikuwa na manung'uniko kweli, mkulima aliyepoteza ng'ombe anaona amepunjwa, na dalali ambaye hajalipwa miaka miwili anaona ameonewa. Lakini walihitajiana. Sokoni madalali walikuwa na lugha yao ya kuchanganya Kijerumani na Kiebrania ili mnunuzi asielewe bei, na kuna kijiji cha Franconia, Schopfloch, ambapo hata majirani Wakristo waliijua hiyo lugha.

Ratiba ya kijiji nayo ilichanganyika. Mfanyabiashara anaondoka Jumapili jioni au Jumatatu asubuhi, analala huko anakozunguka, wiki nzima anabeba chakula chake manake hawezi kula chochote tu kwa watu, na Ijumaa lazima awe nyumbani kabla jua halijazama. Ijumaa ndo kulikuwa na samaki, mkate wa Sabato uliosukwa, ambao kwa Wayahudi wa kule ulikandwa na viazi na kunyunyiziwa mbegu za mpopi. Jumamosi Myahudi haruhusiwi kuwasha moto, kwa hiyo mtoto wa jirani Mkatoliki anapita nyumba kwa nyumba anawasha majiko na kupata kipande cha mkate. Ikifika Pasaka ya Kiyahudi majirani wanapelekewa mikate isiyotiwa chachu. Simaanishi kwamba walikuwa ndugu wa damu, kuoana hakukuwepo kabisa, kanisani kulikuwa bado kunahubiriwa mambo mabaya juu yao, na mtoto wa Kiyahudi alijua ni njia gani ya kupita Ijumaa Kuu. Ila kusema walikuwa "wageni waliokaa kijijini" ni uongo. Miaka mia mbili hamsini mahali pamoja, unaongea lafudhi ya kijiji, unazikwa kwenye kilima cha kijiji, huo ugeni unaishia lini?

Kitu kimoja naomba nikielezee taratibu kwa sababu ni cha Wayahudi wa Ujerumani na maeneo jirani tu, wengine hawana. Mtoto wa kiume akitahiriwa siku ya nane, kile kitambaa kilichotumika hakitupwi. Mama anakifua, kinakatwa vipande, kwa kawaida vinne, vinashonwa kwa urefu mpaka unapata utepe wa kama mita tatu. Juu ya huo utepe wanatarizi au wanachora kwa rangi jina la mtoto, jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, na dua kwamba akue afikie Torati, afikie ndoa, na afanye matendo mema. Ukifika kwenye neno Torati utakuta wamechora kitabu cha kukunja chenye taji, ukifika kwenye ndoa kuna bwana na bibi chini ya hema la harusi na mavazi ya kijiji cha wakati ule, wanyama, maua, na alama ya nyota ya mwezi aliozaliwa. Mtoto akifika kama miaka mitatu baba yake anamshika mkono wanaupeleka utepe sinagogi na unatumika kuifunga Torati ili isifunguke. Kwa hiyo kila sinagogi ya kijijini ilikuwa na rundo la tepe, kizazi juu ya kizazi, wavulana wote wa kijiji. Mtu anayetafuta rejista ya kijiji cha Kiyahudi, hiyo ndo rejista nzuri kuliko ya karani wa serikali, na kuna mahali zimeponea, nitafika huko.

Karne ya 19 ilileta haki, lakini kwa mwendo wa konokono. Napoleon alivunja ule utawala wa vipande vipande, Rexingen ikaingia kwenye ufalme wa Württemberg, na mwaka 1828 ikatoka sheria ya kuwafanya Wayahudi "raia wema", yaani watoto waende shule, na vijana waache uchuuzi waingie kwenye kilimo na ufundi. Usawa kamili ukaja Baden mwaka 1862, Württemberg 1864, na dola zima 1871. Bavaria walikuwa wabaya zaidi, tangu 1813 walikuwa na orodha ya namba za familia za Kiyahudi kwa kila mahali, na namba haiongezeki, kijana hawezi kuoa na kuweka makazi mpaka apate namba, mara nyingi ya baba aliyekufa, basi wa kwanza anarithi na wadogo zake wanabaki kuangalia. Mfumo huo ulifutwa 1861. Unadhani hao wadogo walifanya nini? Walipanda meli. Kijiji cha Buttenheim huko Franconia, ndani ya Bavaria, alizaliwa mtoto mwaka 1829 anaitwa Löb Strauß, baba yake mchuuzi, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1846, na mwaka uliofuata mjane na watoto wakaenda Amerika. Huyo ndo Levi Strauss, wa suruali zetu hizi za jinzi za leo, ile hataza ya kuweka ribiti za shaba kwenye mifuko aliipata na fundi Jacob Davis mwaka 1873. Nyumba aliyozaliwa ipo na ni makumbusho.

Haki zilipokuja kamili ikatokea kitu ambacho watu hawakukitarajia, vijiji vikaanza kuisha Wayahudi. Mtu ambaye sheria ilimfunga kijijini, sheria ikimfungulia anaenda mjini, Stuttgart, Frankfurt, Munich, au New York. Jebenhausen jumuiya ilifungwa rasmi 1899 na sinagogi ikabomolewa muda mfupi baadaye, kabla Hitler hajajulikana na mtu. Hilo watu hulisahau, sio kila kijiji kilichokosa Wayahudi kilikosa kwa sababu ya Wanazi. Vingine walihama kwa raha zao. Ila kule walikobaki walibaki wameimarika. Gailingen, kijiji kilichopo kwenye mto Rhine kikitazamana na Uswisi, katikati ya karne ya 19 karibu nusu ya wakazi walikuwa Wayahudi, na toka 1870 mpaka 1884 meya wa kijiji alikuwa Myahudi, Leopold Guggenheim, aliyechaguliwa na wanakijiji wa dini zote mbili. Vita vya kwanza vya dunia Wayahudi kama laki moja walivaa sare ya Ujerumani na kama elfu 12 hawakurudi.

Sasa tuje 1933, mwaka Wanazi waliposhika madaraka. Rexingen wakati huo ilikuwa na Wayahudi 262. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi, manake unategemea vijijini chuki ilianza mapema, na kuna vijiji ilikuwa hivyo kweli, lakini biashara ya ng'ombe haikukatika. Gestapo, yaani polisi wa siri wa Wanazi, waliandika ripoti miaka na miaka wakilalamika kwamba wakulima bado wanauziana na Wayahudi, kwa sababu Myahudi analipa vizuri, anakopesha, na anajua ng'ombe. Chama cha Wanazi kilipachika mabango, kilipiga picha za wakulima waliokutwa wakifanya biashara, havikusaidia sana mpaka serikali ilipobana leseni mwaka 1937 na kufunga kabisa 1938. Sasa kuna watu wanatumia hilo kuonyesha kwamba wanakijiji walikuwa wema. Mimi sikubali. Mkulima alimtetea dalali wake kwa muda ule alikuwa na faida naye, leseni ilipofutwa akatafuta dalali mwingine. Majirani waliosaidia walikuwepo na majina yao yanafahamika, lakini ni wachache, na ukiwajaza kwenye simulizi unapata picha ya uongo.

Rexingen ilifanya kitu ambacho vijiji vingine havikufanya. Badala ya kila familia kuhangaika peke yake walikaa wakapanga kuhama kama kundi, kwenda Palestina iliyokuwa chini ya Waingereza, na kuanzisha kijiji cha ushirika. Haikuwa rahisi. Wanazi walitoza kodi kubwa ya kuondoka, Waingereza walitaka vibali, na njia ya uhakika ilikuwa mtu awe na paundi elfu moja, ambapo kupata hizo paundi kulitegemea makubaliano ya mwaka 1933 kati ya wizara ya uchumi ya Ujerumani na wakala wa Kiyahudi ambayo yaliruhusu mali itoke kwa njia ya bidhaa. Februari 1938 kundi la kwanza liliondoka, na tarehe 13 Aprili 1938 walisimamisha mnara na ukuta wa mbao kwa siku moja ufukweni kati ya Akko na Nahariya, wakakiita Shavei Zion. Ilibidi iwe kwa siku moja kwa sababu nchi ilikuwa kwenye uasi wa Waarabu dhidi ya Waingereza na dhidi ya makazi hayo hayo, kwa hiyo wamekimbia moto mmoja wakaingia kwenye mgogoro mwingine ambao haujaisha mpaka leo. Wauza ng'ombe wa Swabia wakaanza kulima mboga na kufuga kwa ushirika, vitu ambavyo babu zao walikatazwa.

Wazee wengi hawakwenda. Wengine hawakuwa na hela, wengine hawakuwa na afya, wengine walisema nimezaliwa hapa nitafia hapa. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, Wanazi waliposhambulia masinagogi nchi nzima, sinagogi ya Rexingen ilichomwa ndani. Haikuungua yote. Na hapa kuna maelezo ya msingi ambayo yanaeleza hali ya masinagogi Ujerumani nzima, amri ya Heydrich, mkuu wa polisi wa usalama wa Wanazi, ya usiku ule ilisema moto uwashwe pale tu ambapo majengo ya jirani hayatahatarishwa. Kijijini sinagogi imebanana na ghala la nyasi la jirani, nyumba za mbao, kwa hiyo mara nyingi walivunja ndani, wakachoma vitabu nje, au zima moto ikazima haraka. Mjini sinagogi kubwa lilisimama peke yake kwenye uwanja wake, likateketea. Ndo maana leo ukitafuta masinagogi ya zamani yaliyosimama utayakuta zaidi vijijini. Yaliponea kwa ajili ya ghala la jirani. Kutoka Rexingen Torati moja iliyojeruhiwa usiku ule ilifika Shavei Zion na imehifadhiwa huko kwenye chumba cha kumbukumbu.

Waliobaki walichukuliwa kwa awamu. Tarehe 1 Desemba 1941 treni ya watu kama elfu moja wa Württemberg ilitoka Stuttgart, walikokusanywa kwanza kwenye uwanja wa maonesho wa Killesberg, ikaenda Riga huko Latvia, na wengi wao walipigwa risasi msituni mwezi Machi 1942. Aprili 1942 treni nyingine Izbica huko Poland. Tarehe 22 Agosti 1942 wazee wakapelekwa geto la Theresienstadt, kwenye nchi ya Cheki ya leo. Kutoka Rexingen peke yake ni zaidi ya watu mia moja, waliorudi wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Huko Baden ilikuwa mapema zaidi, tarehe 22 Oktoba 1940 Wayahudi zaidi ya 6,500 wa Baden na eneo la jirani walipakiwa wakapelekwa kambi ya Gurs, chini ya milima ya Pyrenees kusini mwa Ufaransa, wakiwemo wa Gailingen, kijiji ambacho Uswisi ipo ng'ambo ya daraja.

Afu kulikuwa na minada. Hii naona ndo sehemu ambayo kijiji chenyewe kiliingia mikono. Kisheria ilifanyika hivi: tangazo la tarehe 25 Novemba 1941 lilisema Myahudi anayehamishia makazi nje ya nchi anapoteza uraia na mali yake inakuwa ya dola. Yaani wanakupakia kwenye treni kwa nguvu, treni ikivuka mpaka, wewe ndo "umehama". Baada ya hapo ofisi ya kodi inakuja na orodha, kabati moja, vitanda viwili, mashuka, sufuria, mashine ya kushonea, na inauza kwa mnada wa wazi, uani, mchana, watu wa mtaa wamejaa. Huko Baden minada ilianza hata kabla ya tangazo hilo, mji wa Lörrach una picha za 1940, watu wamebanana wananyoosha mikono kununua vyombo vya watu waliokuwa wanawasalimia mwezi uliopita. Ndo maana baada ya vita kwenye vijiji vingi ilikuwa mwiko kuongelea Wayahudi, miaka thelathini, arobaini ya ukimya, sio kwa sababu watu walisahau, ni kwa sababu kabati lipo sebuleni.

Baada ya 1945 nani arithi? Sheria za kawaida za mirathi hazikuwaza kijiji kizima kuisha. Kwenye eneo la Wamarekani liliundwa shirika maalum la urithi wa Kiyahudi, likachukua mali zisizo na mrithi na kuziuza ili kusaidia manusura, na majengo ya sinagogi yakauzwa kwa manispaa au kwa mtu binafsi. Hapo ndo yakawa stoo ya viazi, karakana ya seremala, ukumbi wa mazoezi, gereji, tawi la benki. Rexingen ilipata bahati kiasi, wakimbizi Wajerumani waliofukuzwa mashariki walileta Waprotestanti kwenye eneo la Wakatoliki, hawakuwa na kanisa, na jengo likawa nyumba ya ibada tena. Tangu 1997 kuna chama cha wenyeji wanaolisimamia kama mahali pa kumbukumbu na wana mawasiliano na Shavei Zion.

Na zile tepe za tohara? Veitshöchheim, karibu na Würzburg, sinagogi ilijengwa karibu 1730, Wanazi waliifanya kituo cha zima moto, na ikaendelea hivo miaka mingi. Mwaka 1986 mafundi wakiwa wanakarabati walikuta darini, chini ya vumbi, magunia kwa magunia ya karatasi na vitambaa. Wayahudi hawatupi maandishi yenye jina la Mungu, yakichakaa yanahifadhiwa mahali mpaka yazikwe, na Wayahudi wa kijiji walikuwa wanayapandisha darini karne mbili na zaidi. Vitabu vya sala, barua, mahesabu ya madeni ya ng'ombe, kalenda za ukutani, viatu, tepe za watoto. Baada ya hapo wanahistoria walianza kupanda madari ya vijiji vingine na vitu vikazidi kupatikana, na sinagogi ya Veitshöchheim ilirudishwa kuwa sinagogi na makumbusho mwaka 1994. Huo ndo urithi ambao mimi nauamini kuliko sanamu na mabamba, kwa sababu hakuna aliyeuandaa kwa ajili ya kutuonyesha chochote.

Swali la urithi ni wa nani lina ugomvi wake. Jumuiya za Kiyahudi za Ujerumani leo zipo mijini, na wengi wao walitoka Urusi na Ukraine baada ya 1990, hawana babu kijijini. Wajukuu wa vijijini wako Israel na Marekani. Wanaotunza ni Wajerumani wasio Wayahudi, walimu wastaafu, wachungaji, watu wa makumbusho, kwa kujitolea. Wapo Wayahudi wanaolalamika kwamba kijiji kilichonunua mashuka kwenye mnada sasa kinapata watalii kwa sinagogi, na hilo lalamiko lina uzito. Lakini nikiangalia ile miaka mia mbili hamsini naona wanakijiji wa leo wana wajibu kabisa, sio hisani, kwa sababu hao waliondolewa walikuwa wa kwao, historia ya kijiji bila wao ina tundu katikati.

Makaburi yana utaratibu wake. Ujerumani kaburi la kawaida unakodisha, miaka 20 au 30 hivi, ukiisha usipolipia linatolewa anawekwa mwingine. Kwa Wayahudi kaburi ni la milele, halihamishwi halirudiwi. Kwa hiyo mwaka 1957 serikali kuu, majimbo na jumuiya za Kiyahudi walikubaliana kwamba makaburi ya jumuiya zilizokwisha yatatunzwa kwa fedha za umma, kukata nyasi, ukuta, kusimamisha mawe yaliyoanguka. Mawe yenyewe ni kama kusoma karne tatu, ya zamani Kiebrania kitupu, afu Kiebrania mbele na Kijerumani nyuma, mwishoni Kijerumani karibu tupu. Mikono miwili iliyonyooshwa ni wa ukoo wa kuhani, jagi ni Mlawi. Tatizo ni jiwe la mchanga, mvua na barafu vinalimenya tabaka kwa tabaka, mengi ya karne ya 18 hayasomeki tena isipokuwa kwenye picha zilizopigwa na waliowahi.

Ndugu mnaoishi Ujerumani, hivi vijiji viko karibu na nyie kuliko mnavyodhani, hasa mkiwa Baden-Württemberg, Bavaria au Hesse. Makaburi mengi yamefungwa na ufunguo uko ofisi ya manispaa, unapiga simu kabla, na mara nyingi wanakuelekeza kwa mzee mmoja anayeyajua yote kuliko ofisi. Usiende Jumamosi wala sikukuu za Kiyahudi, mwanaume vaa kofia yoyote, na badala ya maua weka kijiwe juu ya kaburi.